Kilicholikwaruza tangi la Bangwe

*Akriliki ni nyepesi na angavu, ila ngozi yake ni laini. Kwa watu tuliolelewa kusugua sufuria kwa mchanga wa ziwani, kuiosha ni kazi ya kujifunza upya.*

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

Kijana alikuwa amejitahidi, hilo halina ubishi. Aliamka alfajiri kabla wageni hawajatoka vyumbani, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko na kusugua ukuta wa mbele wa tangi mpaka utando wote wa kijani ukatoka. Alipomaliza alisimama kando, akisubiri sifa.

Kisha jua likachomoza nyuma ya vilima vya Bangwe, mwanga ukaingia sebuleni kwa ubavu, na kazi yake ikaonekana. Ukuta mzima ulikuwa umejaa mistari myembamba ya mviringo, mmoja juu ya mwingine. Samaki waliokuwa ndani, wale wadogo weusi wenye madoa meupe, walionekana kama wanaogelea nyuma ya moshi wa kuni.

"Umesugulia nini, mwanangu?" mama mwenye nyumba aliuliza.

"Hiki hapa, mama. Si ndicho tunachooshea vyombo?"

Alikuwa ameshika sponji la jikoni, upande mmoja njano, upande mwingine kijani kikavu. Nililichukua nikalikamua juu ya kiganja. Maji yalipochuruzika, zilibaki punje saba au nane za mchanga. Jana yake sponji hilo lilikuwa ufukweni, likisugua masufuria yaliyoungua.

Mhariri alinituma Kigoma kuandika habari za samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika. Nikapanga chumba katika nyumba hii ya wageni kwa sababu ya tangi lake. Sikutarajia kwamba siku tatu zitakazofuata nitazimaliza nikizungumza na watu kuhusu vitambaa, siki na msasa. Na nikiri mapema: asubuhi hiyohiyo niliona vumbi upande wa nje wa tangi, nikalipangusa kwa mkono wa shati langu. Mistari mitatu ya upande wa kulia ni yangu.

Samaki wa tumbo, samaki wa macho

Mtu wa Kigoma anawajua samaki wake kwa tumbo. Dagaa, migebuka, sangala, ngege, kuhe: kila mmoja ana mapishi yake na bei yake. Serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, jikoni ndiko kulikotangulia kuhisi.

Wale wengine, wadogo wa miambani, hatuna habari nao. Ziwa hili lenye urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha meta 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, ambamo kuhe na ngege nao wamo. Karibu wote hawapatikani penginepo. Wengi hawazidi urefu wa kiganja. Mtoto wa Bangwe huwaona wakikimbia chini ya miguu yake anapooga, basi, habari imeishia hapo.

Huko nje habari ni tofauti. Kwa miongo kadhaa samaki hawa wamesafirishwa wakiwa hai kutoka Kigoma, Bujumbura na upande wa Zambia, ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa maji kidogo na oksijeni nyingi. Mbelgiji Pierre Brichard, aliyefanya biashara hiyo Bujumbura, aliandika kitabu juu yao mwaka 1978 ambacho wafugaji wengi wa Ulaya walikisoma kama msahafu.

Yupo mmoja mwenye nundu kwenye paji la uso, mwili wa buluu hafifu na mistari myeusi. Boulenger wa Uingereza alimwandika kitaalamu mwaka 1906, na jina lake la kisayansi ni Cyphotilapia frontosa. Wa sehemu nyingi ana mistari sita. Wa huku kwetu ana saba. Mfugaji wa Ujerumani au Marekani akimtaka huyo wa mistari saba humwita kwa jina la mji huu: Kigoma. Muulize dereva wa bajaji pale stesheni kama anamjua.

Wale weusi wenye madoa waliokuwa kwenye tangi la mama ni Tropheus duboisi. Madoa ni ya utotoni. Wakikua, yanafutika, kichwa kinageuka buluu na mwili unavaa mshipi wa rangi ya njano au nyeupe. Nusu ya raha ya kuwafuga ni kuyatazama mabadiliko hayo, na kwa hiyo ukuta wa kutazamia una maana kuliko pampu na taa.

Plastiki iliyoingia machoni

Tangi lenyewe lilitengenezwa na fundi wa mabango. Akriliki ndiyo ile plastiki ngumu na angavu inayotumika kwenye mabango ya taa ya maduka, vikombe vya tuzo na vizuizi vya kaunta. Wajerumani walianza kuiuza kwa jina la Plexiglas mwaka 1933, na Waingereza wakafuata na ya kwao, Perspex.

Vita Kuu ya Pili iliifikisha angani, ikawa vioo vya ndege za kivita. Daktari wa macho wa London, Harold Ridley, aligundua kwamba marubani walioingiwa na vipande vyake machoni hawakuota usaha wala kuvimba kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1949 akapandikiza lenzi ya plastiki hiyohiyo kwenye jicho la mgonjwa wa mtoto wa jicho. Huenda babu yako aliyefanyiwa upasuaji wa macho anaitazama dunia kupitia kipande cha akriliki.

Inapitisha asilimia 92 ya mwanga. Haina ule ukijani unaouona pembeni mwa kioo kinene. Uzito wake haufiki nusu ya uzito wa kioo. Tangi la urefu wa meta moja, upana wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 50, likijengwa kwa kuta za milimita 10, ni kilo 50 hivi likiwa la kioo na kilo 24 likiwa la akriliki. Kwa mzigo utakaopita zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, tofauti hiyo inasikika mgongoni.

Kasoro yake ni moja, na ndiyo iliyonikalisha Bangwe.

Saba dhidi ya tatu

Mwaka 1812 Friedrich Mohs alipanga madini kwa ugumu, kuanzia moja hadi kumi, kwa jaribio ambalo mtoto anaweza kulifanya: kipi kinakikwaruza kipi. Almasi ni kumi. Kioo cha dirisha kiko kati ya tano na nusu na sita. Akriliki haivuki tatu, yaani inakaribiana na ukucha wako.

Mchanga mwingi ni punje za kwazi, na kwazi ni saba.

Vilima vya Kigoma vimejengwa kwa mwamba wa kwatzaiti, kwazi tupu iliyoshikamana, na mvua imekuwa ikiusaga na kuushusha ufukweni tangu zamani. Katika mwalo wa Katonga mchanga huo uko kila mahali. Uko kwenye ndala, kwenye upindo wa kanga, kwenye ndoo, kwenye dagaa. Mlaji anaujua: dagaa walioanikwa chini humkwaruza meno, ndiyo maana wale wa kichanja wana heshima yao sokoni. Na akina mama wanaosugua masufuria pale ufukweni wanautumia makusudi. Mchanga na jivu huyang'oa masizi kuliko sabuni yoyote.

> Mkono uliofundishwa kung'arisha sufuria ndio huohuo unaoua akriliki.

Kwa hiyo kijana hakuwa mzembe. Alifanya alichofundishwa na shangazi zake: kitu kichafu husuguliwa, na kikikataa kutakata, ongeza nguvu. Sufuria ya alumini ikipata mikwaruzo elfu moja huitwa safi. Tangi likipata mia huitwa bovu.

Anayetaka ushahidi mwingine amtazame dereva wa bodaboda wa njia ya vumbi. Kioo cha helmeti kikiwa kipya unamwona macho. Miezi miwili baadaye kimekuwa cheupe, kwa sababu kila akisimama anakipangusa kikavu kwa mkono wa koti. Ile si akriliki, ni plastiki nyingine ya ukoo wa jirani, lakini kinachoiua ni kilekile. Koti halina kosa. Vumbi lililo katikati ya koti na helmeti ndilo lenye meno.

"Nunua kioo, mama"

Habari ya tangi ilizunguka haraka, na kila aliyekuja kulitazama alikuwa na maoni yake.

Fundi wa aluminiamu na vioo, jirani wa mama, hakumung'unya maneno. Kioo kinapatikana mjini, silikoni ipo, yeye mwenyewe anaweza kulitengeneza tangi kwa siku mbili, na ukoga ukishika unaupitishia wembe kwa ulalo, umekwisha. "Nunua kioo, mama, uachane na haya mambo ya plastiki," alisema, huku akilipima tangi kwa macho kama anayepima dirisha.

Hoja yake ina uzito, ila si kamili. Kwazi saba inakishinda pia kioo sita. Punje ya mchanga iliyobanwa kati ya sumaku ya kusafishia na ukuta wa kioo huacha mstari vilevile, na mstari wa kwenye kioo hautoki kirahisi. Wa kwenye akriliki unang'arishika. Tena kioo kikigongwa na kiti cha mgeni kinaangusha lita 250 za maji sakafuni pamoja na vipande vyenye makali.

Upande wa akriliki ulitetewa na mpwa wa mama, aliyewahi kufanya kazi Dubai. Pale katika jumba la maduka la Dubai Mall, kuna tangi lililofunguliwa mwaka 2008 lenye ukuta wa akriliki wa karibu meta 33 kwa meta 8.3, unene wa sentimita 75. Kioo cha namna hiyo hakitengenezeki. Wapiga mbizi huingia kuliosha kila mara, na watu wanapiga picha mbele yake kutwa.

Fundi alimkumbusha Berlin. Mnamo 16 Desemba 2022 tangi la akriliki lililokuwa ndani ya hoteli jijini humo lilipasuka alfajiri, likamwaga karibu lita milioni moja na samaki wapatao 1,500. Plastiki nayo hufa.

Aliyenifurahisha zaidi alikuwa mzee mmoja, mvuvi mstaafu, ambaye hakuona tatizo lolote. Aliuliza kwa nini utando wa kijani uondolewe. Samaki hao, alisema, wanaishi kwa kuuparura kwenye mawe, sasa mnawanyang'anya chakula halafu mnawanunulia kingine cha kopo.

Kuhusu samaki, mzee yuko sawa. Tropheus ni wachungaji wa ukoga. Midomo yao imeumbwa kwa kazi hiyo, nao hushinda wakiifanya mchana kutwa. Uamuzi wangu ni kwamba tumpe mzee kuta tatu. Ukuta wa nyuma na wa pembeni uachwe ukoge kijani, samaki wachunge. Ukuta wa mbele ndio wa kuoshwa. Hilo peke yake linapunguza hatari ya mikwaruzo kwa zaidi ya nusu, na mama alilikubali papo hapo.

Namna ya kuuosha

Anza na mikono. Vua pete, saa na bangili. Nawa mpaka kwenye kiwiko kwa maji matupu, kwa sababu sabuni haina kazi ndani ya tangi la samaki.

Kitambaa kiwe cha pamba kilichochakaa: fulana kuukuu isiyo na maandishi ya rangi kifuani, au kanga iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama kitambi cha mtoto. Karatasi za jikoni zinaonekana laini lakini zina nyuzi za mti. Dodoki, stili waya na ule upande wa kijani wa sponji vibaki jikoni. Kitambaa cha tangi kisifanye kazi nyingine yoyote, na kikianguka sakafuni, siku hiyo kimemaliza kazi. Usikipulizie wala usikikung'ute. Kifue, kikaushe kwenye kamba iliyo mbali na vumbi, tumia kingine.

Osha mapema, kabla ukoga haujakomaa. Utando wa siku nne au tano unatoka kwa kuguswa. Wa wiki tatu unahitaji nguvu, na nguvu ndiyo inayoikandamiza punje ya mchanga ndani ya plastiki. Mara mbili kwa wiki, dakika tano, inashinda saa nzima kila mwisho wa mwezi.

Pitisha kitambaa kuanzia juu kwenda chini kwa mistari iliyonyooka. Usizungushe. Kila mistari miwili, mitatu, kitoe, kikamue kwenye ndoo, kigeuze upande. Ukifika vidole vinne juu ya mchanga, simama.

Hapo chini ndipo wengi huharibu, na kwa samaki wa Tanganyika hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa baadhi yao ni wachimbaji. Lamprologus callipterus dume hukusanya makombe ya konokono kwa mdomo na kuyarundika ili majike watage humo, na wadogo zake wanaoishi ndani ya makombe hufukua mchanga kila saa. Mchanga wao hautulii chini. Unapanda na kutua kwenye ukuta. Sehemu hiyo isiguswe kwa kitambaa. Chukua kadi ya benki iliyokwisha muda, hakikisha ukingo wake hauna pengo, usukume ukoga kwenda juu, kamwe usishuke. Kadi ina ukingo mmoja, na punje haina pa kujificha.

> Kitambaa kikianguka sakafuni, siku hiyo kimemaliza kazi.

Halafu kuna ule mstari mweupe juu, maji yanapoishia. Maji ya ziwa hili yana ladha ya magadi kidogo, pH yake inakaribia 9, na yakikauka yanaacha ganda. Usilikwangue. Punguza maji ya tangi kidogo, changanya siki na maji nusu kwa nusu, lowanisha kitambaa, kilaze juu ya ganda kwa robo saa, kisha pangusa taratibu. Siki isitiririke ndani kwa wingi. Samaki hawa wamezoea ziwa lao na hawapendi uchachu.

Upande wa nje, kosa ni lile nililolifanya mimi. Plastiki ikipanguswa kavu hupata umeme tuli na kuvuta vumbi jingine, kwa hiyo unakwaruza na bado unachafua. Kwanza mwagia au nyunyizia maji ili vumbi literemke lenyewe. Ndipo upanguse kwa kitambaa chenye maji na tone la sabuni ya vyombo.

Spiriti, petroli, thina, dawa ya vioo yenye amonia: hivyo vyote ni sumu kwa akriliki. Havikwaruzi, vinafanya jambo baya zaidi. Vinaipasua ndani kwa ndani, nyufa ndogo kama nywele zinazomeremeta ukiinamisha kichwa, na hizo hazina dawa. Waliokuwa wakifuta vizuizi vya kaunta kwa vitakasa mikono vyenye pombe mwaka 2020 waliliona hilo bila kulijua jina.

Fundi rangi aitwa

Siku ya pili mama alimwita fundi wa kupaka magari rangi. Wazo lilikuwa la mpwa, nami nililitilia shaka kwa saa moja hivi.

Fundi alifika na mfuko wa rambo: msasa wa maji namba 1000, 1500 na 2000, kompaundi ya kung'arishia, na soksi nyeupe mpya. Aliwasha tochi ya simu, akaiegemeza karibu sambamba na ukuta, na mikwaruzo yote ikawaka. Akapitisha ukucha. "Ukucha ukinasa, msasa. Ukiteleza, kompaundi peke yake," alisema. Kati ya mistari yote, mitano tu ilinasa.

Alifanya upande wa nje, kwenye ile mitatu yangu na mingine ya zamani. Alilowanisha, akasugua kwa namba 1000 upande mmoja, kwa 1500 akakata kinyume, kwa 2000 akarudi. Ukuta ukawa mweupe kama maziwa, na mama akashika kichwa. Kisha soksi, kompaundi, mzunguko mwepesi, dakika ishirini. Uangavu ulirudi polepole kutoka katikati.

Upande wa ndani aliukataa. Kompaundi ina nta na mafuta; ingebidi samaki wahamishwe, tangi likauke, na baada ya kazi lisuuzwe mara nyingi. Alishauri mama asubiri mpaka siku atakayobadilisha mchanga. Tena, alisema, tangi likijaa hutaiona yote. Alikuwa sahihi. Maji huingia kwenye mkwaruzo wa ndani na kuufanya uonekane hafifu, kwa sababu mwanga unapinda kidogo tu ukitoka kwenye maji kwenda kwenye akriliki. Mkwaruzo wa nje unajazwa na hewa, ndiyo maana unapiga kelele.

Siku ya tatu kijana alikabidhiwa fulana mbili kuukuu na kadi ya benki iliyokufa. Aliosha ukuta wa mbele mbele yangu, juu kwenda chini, akisimama vidole vinne kabla ya mchanga. Duboisi mmoja, ambaye madoa yake yalikuwa yameanza kufifia, aliifuata kadi kama anayekagua kazi.

Akiniuliza mkazi wa Kigoma leo anunue tangi gani, nitamwambia kioo. Mji huu una mchanga mwingi mno. Aliyekwisha kuwa na la akriliki atenge fulana yake, na asimpe kazi ya kuliosha mtu aliyetoka kusugua masufuria.